Milango Juu ya Tope

"Lete mguu, mjomba, usinicheleweshee watu," Mama Gambuti alisema, na karani wa posta akanyoosha mguu kama mtoto anayevuliwa soksi. Gambuti ilikuwa imenasa. Mama Gambuti aliishika kisigino kwa mikono miwili, akavuta, ikachomoka ghafla na tope likamrukia mpaka kidevuni. Hakujifuta. Ukijifuta kila likikurukia, hiyo kazi yenyewe utaifanya saa ngapi?

Nyuma ya karani walisimama mwalimu wa chekechea, wasichana wa dukani na wengine wengi, kila mmoja ameshika viatu vyake visafi ndani ya mfuko wa plastiki. Kila asubuhi ya mvua ilikuwa hivyo. Mtu anatoka kwake Mtaa wa Chini amevaa gambuti, anapambana na tope mpaka kituoni ambako lami inaanzia, anamwachia Mama Gambuti hizo chafu, anavaa viatu vya ofisini, anapanda basi kwenda mjini akiwa binadamu kama binadamu wengine. Jioni anarudi, anakuta gambuti zake zimeoshwa, anazivaa, anaingia tena topeni. Mama Gambuti alikuwa na rafu ya mbao chini ya kipande cha bati, madumu ya maji ya kununua, brashi, na matambara ya kila rangi. Tambara moja anafungia jozi, la rangi hiyo hiyo mteja anakaa nalo mfukoni, jioni hakuna kugombana. Matambara alipewa na shoga yake Sindano, fundi cherehani, na siku hizi hilo la kupewa na Sindano lilikuwa linamkera kuliko hata tope.

"Sabuni imepanda tena," alimwambia karani. "Na mwenye maji naye kapandisha dumu."

"Mimi usinipandishie, mama. Mshahara uko pale pale kama mti."

"Basi nitakuoshea mguu mmoja."

Watu wakacheka. Basi likapiga honi, wakagombania mlango, na wakati huo huo Sindano akatokea.

Sindano alikuwa hatoki mbali. Mtaa wa Juu unaanzia ng'ambo ya kituo, na tangu uwekwe lami mwaka jana, mtu wa huko anafunga mlango wake na viatu vyake vya maana miguuni, ko, ko, ko, mpaka kwenye basi. Alikuwa amewashika wanawe mkono huku na huku, wamevaa soksi nyeupe. Nyeupe, jamani! Katika mvua hii! Mama Gambuti aliziangalia zile soksi mpaka brashi ikamponyoka. Watoto wa Mtaa wa Chini wanafika shule soksi zikiwa kwenye begi, na mwalimu wa zamu anawauliza mbele ya wenzao kama kwao sabuni haijafika.

"Shoga, za asubuhi?" Sindano alisalimia.

"Nzuri, mwenye lami."

"Umeanza."

"Nimeanza nini, si kweli? Hata mumeo jana jioni nilimwona anatembea na ndara. Ndara! Mikono nyuma, tumbo mbele, kama anakagua gwaride."

Sindano alicheka kicheko chake kile cha kweli, kisichokuwa na sumu ndani. Angekasirika ingekuwa afadhali. Mtu akikukasirikia mnalingana, lakini akicheka tu na wewe roho inakuuma, utaipeleka wapi hiyo roho?

"Shemeji anaendeleaje?"

"Amekaa."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lote, na Sindano alilielewa. Mume wa Mama Gambuti alikuwa fundi muashi. Jukwaa lilimwangusha kwenye ghorofa ya watu, mguu ukavunjika juu na chini ya goti. Tajiri wa nyumba alimpeleka hospitali siku ya kwanza, siku ya pili simu yake haipatikani. Wakamuunga kwa vyuma. Daktari wa mazoezi alisema neno moja tu, na alilisema kwa kurudiarudia: huyu atembee kila siku, kwenye ardhi ngumu, tambarare, la sivyo goti litakaza, na likikaza ndiyo basi. Ardhi ngumu, Mtaa wa Chini! Siku ya kwanza ya mvua magongo yalizama, Fundi akaanguka kifudifudi mbele ya majirani, na tangu siku hiyo hajavuka kizingiti. Goti lilikuwa limeshaanza kukaza. Asubuhi ile alipojaribu kulikunja, Mama Gambuti alijifanya anatafuta brashi chini ya kitanda asimwone usoni.

Sindano aliwaachia watoto mikono, akainama karibu na rafu. "Nimesikia mhandisi wa manispaa anakuja kwenu leo."

"Anakuja. Wamebakiwa na lami ya kipande kimoja, wanatafuta pa kuiweka."

"Basi sikiliza. Msifanye kitu. Msifagie, msijaze mawe, msiweke hata kibao. Sisi alipokuja alizama mpaka hapa," akajigusa katikati ya paja, "kiatu kikabaki huko chini, tukamvuta kama ng'ombe. Alitutukana matusi yote anayoyajua. Wiki iliyofuata, greda hilo. Muacheni azame, shoga. Nakwambia kama dada yako."

"Mh," alisema Mama Gambuti.

Sindano akaondoka na soksi zake nyeupe, ko, ko, ko. Mama Gambuti akabaki anasugua gambuti ya karani mahali ambapo palikuwa pameshatakata.

Muacheni azame! Ndiyo, muacheni azame, atuone tunavyonuka, aende zake, sisi tubaki hivi hivi na wewe uendelee kunipitia hapa kila asubuhi na viatu vyako. Kilichomkaa Mama Gambuti rohoni si lami peke yake. Zamani yeye na Sindano walipanga uani pamoja Mtaa wa Chini, ukuta mmoja, mtoto wa huku akilia mama wa kule ndiye anayembembeleza. Dalali alipoleta habari ya chumba cha Mtaa wa Juu, alimwonyesha Mama Gambuti kwanza. Wakati huo Juu nako kulikuwa tope tupu. Mama Gambuti alitazama dari, akaona paa linavuja, akasema hapana, mpe Sindano, yeye hana makuu. Alimpa kwa mkono wake mwenyewe! Paa mtu analiziba kwa siku moja. Sasa kila akimwona Sindano anajiona yeye mwenyewe kwenye ile nguo safi, na mumewe anakagua gwaride kwa ndara.

Halafu eti msifanye kitu. Mama Gambuti alikuwa na macho. Mtaa wa Juu wana maua kwenye makopo ya rangi, wana kuta zimepigwa chokaa. Mhandisi alipofika kule aliona watu wa maana, akawapa vitu vya watu wa maana. Hiyo ndiyo siri, na Sindano anaificha.

Jua lilipopanda kidogo, Mwenyekiti wa Mtaa wa Chini akaja. Alikuwa kinyozi, na alikuja na taulo begani na nywele za mtu kwenye mikono ya shati.

"Mama Gambuti, nimemwacha mtu nimemnyoa nusu kichwa, kwa hiyo nitasema haraka. Wewe ndiye unayejuana na watu wa Juu. Shoga yako hajakudokeza chochote? Wale walifanyaje wakapata?"

Maneno ya Sindano yalikuwa hapo hapo, mdomoni. Kuyatoa ilikuwa kazi ya pumzi moja. Lakini Mama Gambuti aliona yatakavyokwenda: Mwenyekiti atasema ahaa, huyo Sindano ana akili, na lami ikija mtaa mzima utakuwa unamshukuru Sindano, hata Fundi wake mwenyewe atasema Mungu ambariki shemeji yangu. Akayameza.

"Hajasema la maana," alisema. "Lakini mimi naona. Wale walijipamba, Mwenyekiti. Sisi tukimuingiza topeni, atazama pale mwanzoni kwenye nyumba ya muuza mkaa, atageuza, hatafika mwisho. Hataliona kalavati lililovunjika, hatamwona mgonjwa wangu. Mpitisheni pakavu afike mpaka mwisho, aone yote kwa nafasi. Na aone sisi ni watu."

"Hapo umenena. Lakini pakavu tutapatoa wapi?"

Mama Gambuti aliangalia mtaa ulivyolala mbele yake, umevimba na kung'aa kwa maji. "Milango," alisema.

Na wewe ungekuwepo siku hiyo usingeamini watu wale wale wanaogombania dumu la maji wanaweza kupatana hivyo. Mwenyekiti alirudi kummalizia yule mtu nusu ya kichwa iliyobaki, akatoka na bisibisi, akang'oa mlango wa kibanda chake cha kunyolea. Kufika adhuhuri nyumba za Mtaa wa Chini zilikuwa zimeachama vinywa wazi, pazia zinapepea, na milango imelazwa topeni mmoja baada ya mwingine kuanzia kituoni mpaka mwisho. Ilikuwepo ya mbao nzito, ya bati, ya mbao za masanduku. Palipopungua wakaweka ubao wa kuandikia wa chekechea na vichwa vya vitanda. Wanawake wakafagia juu yake. Fikiria, kufagia mlango uliolala kwenye tope! Muuza mkaa alileta jani la mgomba kufunika takataka za mferejini zisionekane.

Mama Gambuti alimwachia rafu jirani yake muuza vocha, akaenda kung'oa mlango wake. Alimkuta Fundi ameketi kwenye stuli ameshachomoa bawaba ya chini.

"Niachie ya juu," alisema Fundi. "Nishike tu hapa kiunoni."

Akasimama kwa mguu mmoja, mkewe amemkumbatia, akachomoa skrubu kwa ule mkono wake mzuri usio na papara. Mama Gambuti alikuwa hajamwona na uso ule wa kazini tangu ajali.

"Nimewawekea watu sakafu nusu ya jiji hili," Fundi alisema, "na mimi nazama mlangoni kwangu. Lakini sikiliza, lami ikija nani atakuletea gambuti uoshe? Utakula nini?"

"Nitaosha magari."

"Ya nani?"

"La kwako. Si utakuwa umepona, utanunua."

Wakacheka wote wawili, na mlango ukawalalia begani. Halafu Fundi akauliza, "Shoga yako anasemaje kuhusu mpango huu? Yeye kwao alishayaona haya."

"Usinitajie Sindano leo."

"Mama, hicho kijiba cha roho kitakutoboa."

"Na kinitoboe. Wewe vaa shati."

Mhandisi alifika akiwa na gari la manispaa na msaidizi aliyebeba futi ya kupimia. Hakuwa mtu mbaya wa kumtazama. Alikuwa na tumbo la wastani, miwani, na viatu vya kahawia vya ngozi laini, vya kufunga kwa kamba. Mama Gambuti alimkalisha kwenye benchi lake, akavipokea viatu kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akamletea gambuti mpya kuliko zote rafuni, zimepigwa brashi mpaka zinang'aa.

"Lete mguu, bosi."

"Ahsante, mama. Mmejiandaa kweli."

"Sisi ni watu, bosi."

Mwenyekiti akatangulia. Mhandisi akakanyaga mlango wa kwanza, akaupima kwa uzito wake, akakanyaga wa pili. Milango ilinesa kidogo, tope likafyonza chini kwa chini, lakini ikamshikilia. Watu walisimama kwenye vizingiti vyao visivyo na milango, wamevaa nguo za kutokea, watoto wameoshwa nyuso. Hakuna aliyelalamika. Mwenyekiti alikuwa amewaambia wasimpigie mgeni kelele. Kila mhandisi alipouliza hali zao, mtu alijibu, "Tunashukuru, bosi, tunashukuru," kwa adabu, kama hana shida yoyote duniani.

Mama Gambuti alifuata nyuma, roho juu. Aligeuka mara moja. Ng'ambo ya kituo, pale lami inapokatikia, Sindano alikuwa amesimama amefunga mikono kifuani. Alikuwa anatikisa kichwa. Anasikia vibaya, Mama Gambuti alijiambia. Anaona tunapata. Na joto tamu likampanda kifuani, tamu kweli, kwa sababu kumbe kuonewa wivu nako kuna raha yake, na yeye alikuwa hajawahi kuionja.

Mhandisi aliliona kalavati. Aliangalia, akasema "ahaa," akapita juu yake kwenye mlango wa bati wa muuza mkaa. Walipokaribia mwisho, Fundi akatokea.

Alikuwa amevaa shati jeupe. Aliweka gongo moja juu ya mlango wake, akaliegemea. Akaweka la pili. Halafu akavuka kizingiti. Ko, lilisema gongo juu ya mbao. Ko. Ukafuata mguu mzima, ukafuata ule mwingine uliokaza, unaburutwa lakini unakuja. Ko, ko. Muuza mkaa alianza kupiga makofi, wengine wakadakia, na Fundi akawa anakuja juu ya milango ya majirani zake, jasho linamtiririka, meno yote nje. Mama Gambuti hakujua saa ngapi ameanza kulia. Alimwona mume wake amesimama chini ya mbingu, basi.

Mhandisi alimsubiri katikati ya njia, akampa mkono. "Mzee, unatembea vizuri!"

"Nikipata ardhi ngumu natembea, bosi. Daktari alisema."

"Naona, naona. Hongera sana. Endelea hivyo hivyo."

Wakapishana kwa uangalifu kwenye ubao wa chekechea. Fundi hakusimama, nani angemsimamisha? Aliendelea kuelekea kituoni, ko, ko, ko, watoto nyuma yake. Mhandisi akamgeukia msaidizi wake.

"Umeona? Hata mgonjwa anapita. Weka kwamba panapitika."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema kesho ni Jumatano. Mama Gambuti alidhani hakusikia sawasawa.

"Bosi, panapitika vipi? Hii ni milango yetu! Tumeing'oa leo!"

"Nimeona, mama. Ubunifu mzuri sana. Manispaa inapenda wananchi wanaojitegemea namna hii, nitawataja kwenye kikao."

"Na lami?"

"Lami iliyobaki ni kidogo, mama yangu, na mahitaji ni mengi. Kuna lile shimo kwenye maegesho ya pale ofisini, magari yanaumia. Tutaizibia pale kwanza. Ninyi tutawafikiria mwaka ujao, mmeshaonyesha mnaweza."

Mwenyekiti alikuwa ameshikilia taulo lake la kinyozi kama mtu aliyekuja kuoga akakuta hakuna maji. Habari ilitembea kizingiti kwa kizingiti haraka kuliko mhandisi mwenyewe. Wale waliokuwa wanasema tunashukuru wakaanza kusema mengine, kwanza kwa minong'ono, halafu kwa sauti, na walipokuwa wanatafuta wa kumlaumu, tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya bati.

Mvua ile haikubisha hodi. Watu wakakumbuka magodoro, unga, vitabu vya watoto, nyumba ambazo hazikuwa na milango. "Mlango wangu!" mmoja alipiga kelele, na kila mtu akarukia wa kwake. Milango ikang'olewa topeni nyuma ya mhandisi karibu akiwa bado ameikanyaga, inadondosha matope, inabebwa kichwani. Wawili waligombania mmoja wa mbao za masanduku. Ubao wa chekechea ukaelea peke yake. Mhandisi na msaidizi wake wakakimbilia kituoni, na Mama Gambuti akawafuata, kwa sababu viatu vilikuwa kwake na Fundi alikuwa huko.

Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya bati, magongo mapajani, bado anahema kwa furaha. Alikuwa amefika mpaka kwenye lami. Alikuwa ameigusa kwa gongo.

"Wamesemaje?" aliuliza.

Mhandisi aliketi kando ya Fundi, akanyoosha mguu mwenyewe bila kuambiwa, na Mama Gambuti akamvua gambuti. Zilitoka kirahisi.

"Angalia," mhandisi alisema kwa kuridhika, "hata hazikuchafuka."

Kweli. Alizigeuza. Chini ya soli kulikuwa na tope kidogo tu, la kufuta kwa tambara. Miaka yote anaosha gambuti za Mtaa wa Chini, hajawahi kupokea jozi safi namna ile. Hapo ndipo lilipomwingia, lote kwa pamoja, akiwa amechuchumaa vile vile. *Muacheni azame.* Aliambiwa asubuhi, hapa hapa, kwa mdomo wa mtu.

Akasimama. Viatu vya kahawia alikuwa bado hajavitoa rafuni.

"Bosi, umesema mgonjwa anapita?"

"Mama, mvua hii."

"Umesema anapita. Huyu hapa. Ni mume wangu. Nyumba yetu ni ile ya mwisho, umeiona. Basi mrudishe."

Mhandisi aliutazama mtaa. Milango haikuwepo tena. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanashuka katikati, na kalavati lilikuwa limeshafunikwa. Fundi naye akatazama, na Mama Gambuti akaona ile furaha inavyomtoka usoni, taratibu, kama mtu anayezimiwa taa chumba kimoja kimoja. Alikuwa hajafikiria atarudi vipi. Hakuna aliyekuwa amefikiria.

"Una maneno wewe mama," mhandisi alisema, akacheka, akanyoosha mkono mwenyewe rafuni, akavichukua viatu vyake. Alivivaa bila kufunga kamba. Msaidizi akamfungulia mlango wa gari. Waliondoka kwa kupitia Mtaa wa Juu, wala gurudumu halikuteleza.

Vijana wa kumbeba Fundi wote walikuwa wanapigilia milango. Mama Gambuti alimgeuzia mumewe mgongo, akachuchumaa.

"Panda."

"Huniwezi, mama."

"Panda, Fundi."

Alipanda. Mama Gambuti aliinuka nusu, akayumba, akajikaza, akapiga hatua moja kutoka kwenye lami, na mguu ukazama mpaka kwenye goti. Pale pale akajua hatafika hata kwa muuza mkaa. Alisikia mtu anavua viatu nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka.

"Shemeji, mkono wako huu niwekee hapa begani," Sindano alisema. "Shuka mgongoni, tukubebe katikati."

"Toka," Mama Gambuti alisema. "Utachafua nguo zako."

"Nitafua."

"Toka nimekwambia! Mume ni wangu."

"Sawa, ni wako. Na uzito huo wote ni wa kwako?"

Angekuwa na nguvu kidogo zaidi angemsukuma aangukie mle mle. Lakini Fundi alikuwa anateleza mgongoni, mguu wa vyuma unaning'inia, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa anakuja. Mama Gambuti alisogeza bega, akampa nafasi.

Wakaingia topeni watatu, Fundi katikati, Sindano ameyachukua na magongo kwapani. Walikwenda kwa kuvuta mguu mmoja, wanapumzika, wanavuta mwingine. Mvua iliwapiga usoni. Kwenye vizingiti watu waliwatazama, nyundo mikononi. Walipopita kwa muuza mkaa, Sindano akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuwaambia?"

Mama Gambuti angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema Mwenyekiti alikataa.

"Kwa sababu wangekushukuru wewe," alisema.

Fundi, katikati yao, aliinamisha kichwa akawa anaangalia pale anapokanyaga, ingawa hapakuwa na cha kuangalia. Kwenye kalavati maji yaliwafika mapajani. Sauti iliyokuwepo ilikuwa ya watu watatu wanaohema, na Mama Gambuti alijua mumewe amesikia kila neno, na jioni hiyo hatamuuliza, na hata kesho hatamuuliza, atakaa tu pale kwenye stuli na goti lake.

Wakamfikisha. Mlango wao wenyewe ulikuwa bado umelala mbele ya nyumba, ndio wa mwisho na hakuna aliyeukumbuka, wakaukanyaga kuingia ndani. Wakamkalisha kitandani. Sindano akamsaidia kuupandisha mguu juu ya mto, akatoka nje, akasimama kwenye kizingiti. Alikuwa na tope mpaka kiunoni. Sketi yake ya rangi ya maziwa haikuwa tena na rangi ya kitu chochote.

"Shoga, nipe maji kidogo ninawe miguu."

Dumu lilikuwa pale kando ya mlango. Mama Gambuti alilitazama.

"Usinawe hapa," alisema. "Nenda nayo hivyo hivyo. Panda nayo kwenye lami yenu, pita katikati, waone tope la Chini linafananaje. Na asubuhi asifagie mtu."

Sindano alionekana kama anataka kucheka, halafu kama anataka kulia, halafu akaokota ndara moja iliyokuwa inaelea mlangoni, akaiweka ndani pakavu, akaenda. Alikwenda vile vile alivyo, mikono imeachana na mwili, polepole, mpaka akafika kituoni. Mama Gambuti alimwona kwa mbali anapanda kwenye lami, anaikanyaga kwa mguu mzima, mmoja, mwingine, na kuacha alama kubwa za kahawia ambazo mvua ilianza kuzifuta kabla hata hajafika kwenye kona.

Mama Gambuti alisimama kwenye uwazi wa mlango akamtazama mpaka mwisho. Wivu haukuwa umemtoka hata kidogo. Sindano angefika kwake, angenawa mara moja tu, na kesho asubuhi miguu yake ingekuwa bado misafi.